Wajukuu Wamefika: Desemba ya Bibi Kihambani

Shule zikifungwa Desemba, Kituo cha Mabasi cha Magufuli pale Mbezi Luis hujaa abiria wafupi. Wanafika jua halijachomoza, mabegi ya shule yamegeuzwa mabegi ya safari, sweta zimefungwa kiunoni ingawa joto la Dar es Salaam halijaachia tangu usiku. Anayewashika mkono ni mjomba, shangazi au dada mkubwa aliyemaliza kidato cha nne. Baba na mama wamekuja kusindikiza tu. Likizo yao ya kazini itaanza Krismasi ikikaribia, kama bosi ataitoa, na dada wa kazi naye ameshaomba ruhusa kwenda kuwaona wazazi wake. Watoto wanatangulia kwa bibi.

Mabasi ya Moshi ndiyo yanayosemwa zaidi msimu huo, kwa kuwa desturi ya Wachaga kupanda mlimani Kilimanjaro kila mwisho wa mwaka inajulikana nchi nzima, na mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, hulazimika kutoa vibali vya muda kwa magari ya ziada. Lakini watoto wa namna hiyo wanakwenda pia Bukoba, Njombe, Lushoto na Musoma. Ng'ambo ya mpaka, watoto wa Nairobi wanapelekwa Kakamega, Siaya na Murang'a mwaka wao wa shule unapoisha. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, mtoto wa Dar es Salaam mwenye bibi Dodoma anaweza kunywa chai kwao na kula chakula cha mchana kwa bibi, jambo ambalo mama yake hakulijua utotoni.

Nauli inajadiliwa, basi linachaguliwa, namba ya kiti inahakikiwa. Yanayofuata begi likishatuliwa barazani hayajadiliwi sana. Kwa siku kumi, pengine wiki mbili, mwanamke wa miaka 65 au 70 aliyekuwa akiishi na ng'ombe wake mmoja na redio anakuwa mlezi wa watoto watatu au wanne, mdogo wao akiwa bado analala na nepi usiku. Familia nyingi huita hiyo furaha ya bibi. Furaha ipo, haina ubishi. Lakini ni kazi pia, tena nzito na yenye ujuzi wake, na wanaoipata bila malipo wanapaswa walau kuiandaa kama kazi.

Bibi wa kule mlimani, Kibosho au Machame, hakuwa amekaa akisubiri wageni. Siku yake ilikuwa imejaa tayari. Ng'ombe wa ndani hatoki zizini, hivyo majani lazima yamfuate, yakatwe shambani au yanunuliwe tambarare na kupandishwa kwa gari. Migomba inataka kupunguzwa, kahawa inataka kupaliliwa, kuku wanataka kufungiwa kabla giza halijaingia. Kuna jumuiya ya kanisani, kuna kikundi cha kuweka na kukopa, kuna kliniki ya presha ya kila mwezi. Wajukuu wakishuka kwenye bodaboda, hakuna hata moja katika hayo linalopungua. Juu yake yanaongezeka maji ya kuoga ya kuchemsha, kwa sababu mtoto wa pwani hawezi maji ya mlimani. Uji wa asubuhi. Nguo zenye matope mekundu. Na kesi ya nani alale upande wa ukutani.

Chakula peke yake ni shughuli. Mtoto aliyezoea chipsi na soseji analitazama bakuli la mtori kana kwamba kuna makosa yamefanyika jikoni. Siku ya kwanza hali. Bibi mwenye uzoefu habembelezi wala hagombi. Anamtuma kwenda kuokota parachichi, kumshikia kuku, kumpelekea ng'ombe maganda ya ndizi, na jioni njaa inamaliza mjadala wenyewe. Ifikapo siku ya tatu mtoto yuleyule anauliza kama kiburu cha ndizi na maharage kimebaki. Wazazi husimulia hilo kama muujiza wa hewa ya mlimani. Ni kazi ya mtu aliyekwisha kulea watoto sita na anayejua lini asubiri.

Usiku ni habari nyingine. Mtoto wa miaka minne aliyecheza kombolela mchana kutwa bila kumkumbuka mtu, taa ikizimwa anamkumbuka mama. Kumpigia mama simu saa hiyo mara nyingi huongeza kilio, na bibi wengi wanalijua hilo kabla hawajaambiwa. Wanamvuta mtoto kitandani kwao, wanamsimulia habari za sungura na fisi kwa sauti ya chini, wanaanza na paukwa hata kama wa kujibu pakawa ameshaanza kusinzia. Asubuhi godoro lenye kojo linatolewa juani bila tangazo, wenzake wasije wakamcheka. Mambo madogo kama haya ndiyo yanayoamua kama mtoto atataka kurudi mwakani.

Pembeni ya haya yote yuko babu, pale alipo hai. Yeye hukabidhiwa wakubwa: kwenda naye mnadani, kuchunga mbuzi, kujifunza bao, kushika tochi akikagua zizi. Katika kihamba, shamba la ukoo ambako Wachaga huzika wapendwa wao, ni babu au bibi anayemtembeza mjukuu kati ya migomba na kumwonyesha huyu ni nani, yule ni nani, na kwa nini yeye amepewa jina la yule aliyelala karibu na mbuni mkubwa. Hakuna somo la shule linalofundisha hivyo. Mtoto aliyezaliwa Kinondoni na kukulia Kinondoni anajua kwa mara ya kwanza kwamba alikuwepo kwenye mipango ya watu kabla hajazaliwa.

Halafu kuna utani. Bibi anamwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu" na kumsuta mbele ya majirani kwamba ni mume gani huyu asiyeleta kuni. Babu anamwambia mjukuu wa kike kwamba mahari yake ameshalipa, kilichobaki ni mke kujifunza kupika. Mtoto naye anajibu, na anaruhusiwa kujibu maneno ambayo akimwambia baba yake yatamletea matatizo. Mwanaanthropolojia Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown aliandika kuhusu utani wa aina hii barani Afrika mwaka 1940, akiufungamanisha na nafasi ya wazazi: wao ndio wenye mamlaka ya kuadibu, kwa hiyo kizazi kinachowazidi na kile kilicho chini yao kinaweza kukutana kwa urafiki. Kwa bibi mwenye wajukuu wanne ndani ya nyumba, utani huo ni nyenzo. Mume wa miaka sita aliyesutwa kwa upole huleta kuni haraka kuliko mtoto aliyefokewa.

Kwamba bibi ni nguzo ya uhai wa watoto, sayansi imelisoma hilo hapahapa Tanzania. Miaka ya 1980, watafiti Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones waliishi na Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi, wakihesabu saa ambazo kila mtu alitumia kutafuta chakula na kupima uzito wa watoto. Waliona kwamba wanawake wazee, waliokwisha kupita umri wa kuzaa, hawakukaa kambini kupumzika. Walichimba mizizi kwenye ardhi ngumu kwa saa nyingi, wakiwazidi wanawake walio katika umri wa kuzaa. Mama akiwa hana mtoto mchanga, uzito wa mtoto aliyeachishwa ziwa ulifuata juhudi za mama. Mama akijifungua tena, ulifuata juhudi za bibi.

Kutokana na kazi hiyo lilizaliwa wazo linalojadiliwa mpaka leo na wanasayansi wa maumbile: kwamba mwanamke huishi miaka mingi baada ya kukoma kuzaa kwa sababu, vizazi kwa vizazi, watoto wenye bibi mchapakazi walipona kuliko wasio naye. Huko Gambia, Rebecca Sear na Ruth Mace walichambua kumbukumbu za vijiji vinne za kati ya mwaka 1950 na 1974, nao wakakuta kwamba mtoto mdogo aliyekuwa na bibi mzaa mama alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi. Yule anayeonekana mwishoni mwa picha za harusi akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, pengine bila yeye nusu ya waliosimama wasingekuwepo.

Lakini mwili wake una kiasi. Utafiti wa Melbourne, Australia, uliochapishwa mwaka 2014, uliwapima akili na kumbukumbu wanawake 186 wenye umri wa miaka 57 hadi 68, ambao 120 kati yao walikuwa na wajukuu. Waliokuwa wakiwaangalia wajukuu siku moja kwa wiki walifanya vizuri kuliko wenzao. Waliokuwa wakiwaangalia siku tano au zaidi walikuwa nyuma katika jaribio mojawapo. Kundi lilikuwa dogo, na Melbourne si Rombo. Huko Berlin nako, watu zaidi ya 500 wenye miaka 70 na kuendelea walifuatiliwa kuanzia mwaka 1990 kwa karibu miongo miwili, na walioangalia wajukuu mara mojamoja, bila kuwa walezi wao wa kudumu, waliishi muda mrefu kuliko wasiofanya hivyo. Ukiyaweka mawili hayo pamoja, dalili ni kwamba wajukuu humnufaisha mzee wanapokuja na kuondoka, akipata nafasi ya kupumua katikati.

Kwa hiyo idadi ya watoto na idadi ya siku si mambo ya kumalizia kwenye simu. Bibi aliyekubali wajukuu wawili wa binti yake asishtukizwe na wengine watatu wa mtoto wa kiume kwa sababu "si wako pamoja tu, watacheza". Mtoto anayetambaa asiachwe kwa mzee mwenye magoti mabovu bila binti wa kumsaidia. Na bibi mwenye kisukari asikose kliniki yake ya mwezi kwa sababu hakuna wa kubaki na watoto. Mara nyingi ataikosa na hatasema, maana bibi wengi wa nchi hii wamelelewa kuona kulalamika mbele ya wajukuu ni aibu.

Dawa za bibi zenyewe zinahitaji kusemwa waziwazi, kwa sababu ndizo hatari inayosahaulika. Zahanati nyingi hufunga vidonge katika vifuko vya nailoni ambavyo mtoto wa miaka miwili anavifungua kwa meno. Kidonge kimoja cha kushusha sukari cha aina ya glibenclamide kinaweza kumwangusha mtoto mdogo akapoteza fahamu. Vifuko hivyo hukaa juu ya meza ya kitanda, chini ya mto, ndani ya mkoba unaoning'inia mlangoni, mahali pazuri kabisa kwa mzee anayeishi peke yake na pabaya kabisa siku wajukuu wanapofika. Kwenye kihamba kuna pia mrututu na dawa nyingine za kahawa, na katika nyumba nyingi mafuta ya taa bado yako kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto akiyanywa asitapishwe, kwani yakipanda na kuingia mapafuni ndipo yanapomdhuru zaidi; apelekwe hospitali mara moja. Ndoo na madumu yenye maji yafunikwe, mfereji unaopita kando ya nyumba usisahauliwe. Saa moja ya mjomba aliyewaleta watoto, akizunguka nyumba na kuhamishia vitu juu ya kabati kabla hajapanda basi la kurudi, ina thamani kuliko maagizo yote yatakayotolewa baadaye kwa simu.

Kuna pia maarifa yaliyobadilika. Mwanamke aliyejifungua mtoto wake wa kwanza mwaka 1985 alilea wanawe kwa klorokwini. Tanzania iliiacha mwaka 2001, ikaingia SP, na mwishoni mwa mwaka 2006 dawa mseto ikawa ndiyo tiba ya kwanza ya malaria. Alizoea kwamba joto likipanda ni malaria, kidonge kinatolewa. Siku hizi kipimo cha haraka hutangulia, na zahanati nyingi za vijijini zinacho. Binti anayemwambia mama yake haya kwa heshima, akiwa ameketi naye jikoni kabla ya safari ya kurudi mjini, husikilizwa. Anayemwandikia ujumbe mrefu wa amri hasikilizwi, na hastahili kulalamika.

Upande mwingine, yapo ambayo bibi anayajua na mzazi kijana hayajui. Mtoto akiharisha, bibi haachi kumnywesha. Pakiti za ORS na vidonge vya zinki zikikosekana saa hiyo, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi vinamshikilia mtoto hadi afikishwe zahanati. Watoto wanaotoka mjini huharisha sana siku za kwanza: maji mapya, maembe yasiyooshwa, mikono iliyotoka kumlisha ng'ombe. Sabuni karibu na ndoo ya kunawia itafanya zaidi ya woga.

Begi la mtoto nalo lina sifa yake. Nguo za sikukuu huwekwa kwanza, za kushindia hazitoshi, na kadi ya kliniki haiwekwi kabisa. Bila kadi ile, mhudumu wa afya wa Marangu hajui kama mtoto amepata chanjo ya pili ya surua na rubela anayostahili akiwa na miezi 18. Kadi ya bima, kama ipo, iende na mtoto. Mzio, pumu, dawa anayotumia na kipimo chake viandikwe kwa kalamu kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, kwa sababu simu huisha chaji na macho ya bibi hayasomi kioo kidogo. Iandikwe pia namba ya mtu mmoja wa karibu mwenye gari au bodaboda anayeaminika.

Na fedha. Mtoto mmoja anakula sukari, maziwa, mafuta na sabuni ambavyo havikuwa kwenye hesabu ya bibi. Wazazi wengi hutuma kwa simu, na wengi wa hao husahau kutuma na ya kutolea. Wakala yuko barabarani, nusu saa kwa miguu, na mara nyingi hana fedha taslimu wiki ya Krismasi wakati kila mtu anatoa. Ni vyema mjomba akabidhi noti mkononi siku ileile anapowashusha watoto. Kuna bibi wanaouza kuku au debe la mahindi ili wajukuu wa mtu mwenye mshahara wapate mkate wa asubuhi, kisha wakishukuriwa wanasema hakukuwa na shida yoyote. Wanastahili kutendewa vizuri zaidi ya hapo.

Mkoa wa Kagera unaonyesha jambo hili likiwa zito kabisa. Huko ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa mwaka 1983, na ndani ya miaka michache bibi na babu wengi walibaki na wajukuu waliokuwa wameletwa kwa siku chache na ambao hawakuwa tena na pa kurudi. Nshamba, wilayani Muleba, shirika la Kwa Wazee lilianzishwa mwaka 2003 kuwapa wazee hao pensheni ndogo ya kila mwezi. Tathmini yake ya mwaka 2008 ilibeba jina linalotaja chumvi, sabuni na viatu vya shule, na vitu hivyo vitatu vinaeleza fedha ya mzee inakwenda wapi akiwa na watoto ndani. Hata ambako wazazi wako hai na wanafanya kazi, njia ya fedha hiyo ni ileile.

Nchi nyingine zimeanza kuitambua kazi hii kwenye sheria. Uingereza, tangu Aprili 2011, bibi au babu ambaye bado yuko katika umri wa kufanya kazi na anamwangalia mjukuu wa chini ya miaka 12 ili mzazi aende kazini, anaweza kuhesabiwa muda huo katika pensheni yake ya taifa. Uswidi imekwenda mbali zaidi: kuanzia Julai 1, 2024, mzazi anaweza kumhamishia bibi au babu hadi siku 45 za likizo yake ya uzazi yenye malipo. Zanzibar ilianza kulipa pensheni jamii kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi mwaka 2016, na Kenya nayo ikaanzisha malipo kwa wazee wa umri huohuo. Malipo hayo hayakukusudiwa ulezi, ingawa kila anayewajua wazee anajua ni mikono gani midogo inayoyafaidi. Tanzania Bara, sheria ya kazi kwa kawaida inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 na baba siku tatu. Baba akirudi kazini siku ya nne, anayepanda basi kutoka kijijini kuja kuwaangalia watoto wakubwa huku mama akiuguza kidonda cha upasuaji ni bibi, na kwenye sheria hiyo hatajwi popote.

Krismasi ikipita na mwaka mpya ukiingia, wazazi waliopanda mlimani kwa siku chache wanateremka kuwahi ofisi Januari 2. Shule bado. Hapo huzaliwa awamu ya pili, isiyopangwa na mtu: "Mama, wabaki mpaka wiki ijayo, halafu tutamtuma mtu awafuate." Bibi anaitikia. Mwili wake ulikuwa umeshahesabu siku. Kama kuna mahali pa kubadilisha mazoea katika desturi hii nzuri, ni hapa: tarehe ya kurudi watoto itajwe kabla hawajapanda basi la kwanza, ibaki ilivyo, na bibi akiongezewa siku aongezewe na mtu wa kumsaidia.

Watoto wakisharudi mjini, mazungumzo na bibi yasikatike kwenye "tumefika salama". Dalili za malaria kwa kawaida huanza siku saba au zaidi baada ya kung'atwa na mbu, kwa hiyo mtoto wa Arusha aliyekuwa Geita au Mtwara anaweza kuanza kuchemka akiwa ameshaanza masomo. Daktari aambiwe mtoto alikuwa wapi na alirudi lini, maana mtoto aliyekulia sehemu yenye malaria kidogo huelemewa haraka. Anayejua kama chandarua cha chumba cha nyuma kilikuwa na tundu, usiku gani watoto walichelewa kulala nje wakisikiliza hadithi, na ni yupi alianza kukosa hamu ya kula siku moja kabla ya safari, ni bibi. Apigiwe simu yeye kwanza.